Gia Uliyopandia

Babu hakuutazama uso wa Senna hata mara moja. Nilimwekea simu juu ya goti, uani kwetu Mpanda, nikamwonyesha ile video maarufu ya Ayrton Senna akiendesha Honda NSX katika uwanja wa Suzuka, Japani. Kamera inaiacha barabara na kushuka miguuni. Senna hajavaa viatu vya mashindano. Kavaa soksi nyeupe na viatu vya kuchomeka, kama mtu anayekwenda benki. Vidole vya mguu wa kulia vimekandamiza breki, na papo hapo ubavu wa mguu uleule unagonga pedeli ya mafuta. Injini inanguruma mara moja, mkono unashusha gia, kona inafika gari likiwa limetulia.

Babu akaniambia nirudishe nyuma. Mara ya nne akatikisa kichwa.

“Huyu alianzia kwenye lori.”

“Hapana, Babu. Alianzia kwenye vigari vidogo vya mashindano, huko Brazili, akiwa mtoto.”

“Basi aliyemfundisha alianzia kwenye lori, Mama.”

Ananiita Mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Nilicheka, nikaandika daftarini, kisha nikasahau kabisa kilichonileta. Nasoma shahada ya uzamili ya historia. Tasnifu yangu ni ya malori ya mizigo katika Mkoa wa Rukwa wakati wa uhaba wa mafuta, tangu bei ya mafuta ilipopanda duniani mwaka 1973 hadi katikati ya miaka ya 1980. Siku hizo Mpanda ilikuwa wilaya ya Rukwa. Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012. Msimamizi wangu alikuwa ameniuliza swali ambalo wasimamizi wote huuliza: chanzo chako ni nini? Nikamjibu kwamba chanzo changu ni babu yangu. Hakufurahi sana. Alisema nitafute kwanza nyaraka, halafu ndipo nimhoji babu kwa kutumia nyaraka.

Nyaraka nilizipata, lakini nyaraka za barabarani zina tabia moja inayochosha. Lori likipinduka, mwandishi huandika “uzembe wa dereva” na kufunga faili. Baada ya wiki tatu za kusoma maneno hayo matatu nilianza kujiuliza: uzembe wa kufanya nini hasa? Mguu upi? Ili niwaelewe wale madereva ilibidi nijue walichotakiwa kukifanya kwa miguu yao, na hakuna karatasi iliyoniambia. Senna na Babu ndio walioniambia.

Tuanze na lori lenyewe. Ndani ya giaboksi ya zamani kuna magurudumu yenye meno ambayo lazima yazunguke kwa kasi inayolingana ndipo yashikane. Yasipolingana, yanasagana, na kila mtu kijijini anasikia. Mwaka 1928 General Motors walianza kuweka kwenye magari ya Cadillac kifaa kiitwacho sinkromeshi. Ni pete inayosuguana na gurudumu la gia na kulilazimisha kulingana kasi kabla meno hayajakutana. Ndiyo maana wewe uliyejifunza kwenye Vitz unasukuma tu mkono na gia inaingia. Lakini maendeleo hayafiki kila mahali siku moja. Land Rover zilizokuwa zikiwabeba askari wa wanyamapori na mabwana shamba zilikuwa na sinkromeshi kwenye gia ya tatu na ya nne tu, hadi toleo la mwaka 1971. Malori mengi mazito hayakuwa nayo kabisa. Dereva ndiye alikuwa sinkromeshi.

Kazi hiyo waliiita dabo klachi. Babu alinifundisha nikiwa na miaka kumi na saba, kwa kuchora pedeli tatu mchangani na kunikabidhi mwiko wa ugali uwe mkono wa gia. Unakanyaga klachi, unatoa gia, unaiweka fri. Unaachia klachi. Hapo, gia ikiwa bado fri, unapiga resi: unagonga mafuta kidogo, injini ipande hadi kasi ambayo gia ndogo itaihitaji. Unakanyaga klachi tena, unaingiza gia, unaachia. Yote hayo kwa muda wa kusema “haya twende”. Resi ikiwa ndogo, gia inakwaruza. Ikizidi, inakwaruza kwa sauti nyingine. Babu alikuwa akisikiliza sauti niliyoitoa kwa mdomo na kunisahihisha. “Hiyo ni ya lori tupu. Tumebeba tani saba.”

Sasa ongeza mteremko. Mguu wa kushoto una klachi, wa kulia una breki, na nani atapiga resi? Hapo ndipo mguu wa kulia unapogawanyika, vidole kwenye breki na kisigino au ubavu kwenye mafuta. Waendesha magari ya mashindano wanaieleza mbinu hii kana kwamba ilizaliwa uwanjani. Kwao shida ni nyingine. Gari la kisasa lina sinkromeshi, kwa hiyo dabo klachi si lazima. Klachi moja na resi moja zinatosha. Wanapiga resi kwa sababu ukishusha gia ghafla huku injini iko chini, magurudumu ya nyuma yanalazimika kuikokota injini, yanapunguzwa kasi kwa ghafla, yanapoteza mshiko, na gari linazunguka kona ikiwa bado mbele. Resi inailetea injini kasi yake kabla klachi haijashika. Breki inabaki na kazi ya breki, gia inaingia bila mshtuko, na gari linafika kwenye kona likiwa tayari kuvutwa na injini. Mwalimu mzuri wa uwanjani atakwambia usitumie gia badala ya breki, maana breki ni rahisi kubadilisha kuliko giaboksi.

Mwalimu wa lori anasema kinyume chake, na wote wawili wana haki. Senna alifunga breki kwa sekunde tatu, nne, halafu zikapata upepo hadi kona nyingine. Lori lenye magunia ya mahindi linashuka kwa dakika ishirini. Breki za ngoma zikishikiliwa muda wote huo zinapata moto, ngoma inatanuka, utando wa breki unapoteza msuguano, na pedeli inazama hadi sakafuni bila kujibu. Injini ndiyo breki isiyochoka, mradi imefungwa kwenye gia ndogo. Hivyo madereva wakawa na sheria moja, na Babu aliisema hata tulipokuwa tunashuka ngazi za hospitali: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia.

Yeye aliipata kwenye barabara kubwa. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru, Zambia ikajikuta njia yake ya kusini haiaminiki tena, na mafuta na shaba vikaanza kupita Tanzania kwa malori, katika barabara ya vumbi na matope ambayo Waingereza waliibandika jina la Hell Run, yaani safari ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, reli ya TAZARA katikati ya miaka ya 1970. Kabla ya hapo ilikuwa ni mapipa, turubai na miguu ya watu. Babu alianza kama taniboi mwaka 1966. Mlima Kitonga aliupanda mara nyingi akiwa anakimbia nyuma ya lori na gogo mikononi, tayari kulitupa chini ya gurudumu likianza kurudi nyuma. Ndivyo utingo alivyolipia masomo yake ya udereva.

Miaka hiyohiyo, barabara za Afrika Mashariki zilikuwa na madereva waliojulikana kwa majina. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza saba. Mwaka 1968 yaliondoka 93 na yakamaliza saba vilevile, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki kwa Peugeot 404. Joginder Singh, Singasinga wa Kenya, alishinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mwaka 1966 na 1967. Babu hakuwahi kuliona hata gari moja la Safari, lakini jina la Joginder analijua, kama ambavyo watu wa Mpanda wanalijua jina la Pelé.

Kuna mmoja kati yao ninayempenda zaidi kwa sababu ya tasnifu yangu. Erik Carlsson, Mswidi, alishika nafasi ya pili katika Safari ya mwaka 1964 kwa Saab ndogo yenye injini ya tu-stroki. Injini ya aina hiyo hupata oili yake ikiwa imechanganywa na petroli. Ukiachia mafuta ukiwa kwenye gia mteremkoni, injini inazungushwa kwa nguvu huku hainywi kitu, na inaweza kujikausha. Kwa hiyo Saab waliweka kifaa kinachoiachanisha injini na magurudumu kila unapoachia mafuta. Gari likawa linateleza fri kwa mpango wa kiwanda. Injini haikusaidia breki, na Carlsson akawa bingwa wa kukanyaga breki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia haujaacha mafuta. Nilipomweleza Babu, akanyamaza. Nilidhani hakunielewa. Akauliza, “Fri? Mteremkoni?” Kisha akaniomba maji ya kunywa.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo kila mtu nyumbani analijua.

Agosti 1981 Babu alikuwa anashusha mahindi kutoka Ufipa kuyapeleka kwenye stesheni ya reli ya Mpanda. Rukwa ilikuwa mmoja wa mikoa minne iliyolisha nchi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, na mahindi ya kwenda Tabora yalifuata ile reli ya tawi ya Kaliua iliyojengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki. Ili kufika huko lori lilitoka Sumbawanga, likapita Kizi, likashuka Lyambalyamfipa hadi bondeni Kibaoni, kisha Sitalike penye viboko, kisha Mpanda. Lyambalyamfipa ndio ukingo wa uwanda wa Ufipa. Juu kuna baridi ya sweta. Chini, shati linakugandia mgongoni.

Lori lilikuwa la Kiingereza, kuukuu, lisilo na sinkromeshi. Katikati ya mteremko lilimshinda. Breki zilipata moto zikafa. Utingo wake, kijana wa miaka kumi na tisa kutoka kijiji cha juu kule kule Ufipa, aliruka na gogo, akalitupa chini ya gurudumu la nyuma. Lori lililipanda gogo kana kwamba ni muwa, likamburuta. Babu aliligongesha lori kwenye ukingo wa barabara na kuvunjika mbavu. Kijana alifariki kabla ya jioni.

Babu alishtakiwa. Alisema gia ilikataa. Fundi aliyelikagua lori alikuta ngoma za breki zimeungua na meno ya giaboksi yamekwanguka, akasema maelezo ya dereva yanawezekana. Babu akaachiwa. “Gia ilikataa” yakawa maneno ya familia yetu. Sisi watoto tuliyatumia hata wali ukiungua.

Usiku ule wa Carlsson nilikaa na karatasi nikajaribu kupiga hesabu. Ukishuka na gia ya tatu tangu juu, gia haina sababu ya kukataa, kwa sababu imo tayari. Inaweza kukataa pale tu unapotaka kuiingiza. Na ukiwa fri mteremkoni huku lori limefika, tuseme, kilomita sitini kwa saa, dabo klachi ya mtu yeyote haikusaidii. Gia ya tatu kwa mwendo huo inadai injini izunguke kuliko gavana ya dizeli inavyoruhusu. Unakanyaga mafuta hadi mwisho, injini inapiga kelele, lakini kasi inayotakiwa haipo. Meno yanakwanguka. Gia kubwa pekee ndiyo inayoweza kuingia, nayo haishikilii chochote. Senna mwenyewe angekwama. Kwa hiyo swali halikuwa kwa nini gia ilikataa. Lilikuwa: nani aliitoa?

Na mafaili yangu yalikuwa na jibu la kwa nini mtu aitoe. Baada ya vita ya Kagera na bei ya mafuta kupanda tena mwaka 1979, dizeli ilikuwa kama dawa. Magari yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri. Dereva alipewa lita kwa hesabu ya kilomita. Aliyeshuka milima akiwa fri alifika na lita zilizobaki, na lita hizo zilikuwa na mnunuzi kabla lori halijasimama. Nimesoma barua za malalamiko ya wakubwa kuhusu tabia hiyo, na niliziandika katika sura ya tatu chini ya kichwa cha “uchumi wa pembeni”. Nilikuwa najivunia kichwa hicho.

Asubuhi nilimwamkia, “Shikamoo Babu.” Akaitikia marahaba, halafu kabla sijakaa akasema, “Niliitoa mwenyewe, Mama. Pale juu, kwenye mwembe. Niliitoa kila safari, pale pale.”

Sikuwa na kinasa sauti mkononi. Nashukuru.

Aliniambia kwamba siku hiyo ng’ombe walikatiza barabara mapema kuliko kawaida, akashika breki kabla ya wakati wake, na aliporudi kutafuta gia, ilikuwa imeshapita. Alipiga resi mara tatu. Aliihesabu miaka yote. Mara ya kwanza ndogo, ya pili ndogo, ya tatu hadi mwisho. “Utingo alikuwa ananitazama mguu,” alisema. “Alikuwa anajifunza.”

Mwanahistoria anatakiwa kufurahi anapopata ushahidi wa namna hii. Mimi nilitoka nje nikaenda kufua nguo zisizokuwa chafu. Faili lilisema uzembe wa dereva, nami nilikuwa nimekuja kulisuta faili. Lilikuwa na haki, na bado lilikuwa linasema uongo, kwa sababu halikuandika lita alizopewa, wala mshahara, wala mwembe.

Babu alitaka twende. Dada wa yule kijana bado yuko hai, kijijini kwao, upande wa Ufipa. Tulipanda basi la alfajiri kwenda Sumbawanga. Kondakta alimpa Babu kiti cha mbele kwa ajili ya umri wake. Sukari imemla hisia za miguu. Daktari humchoma sindano kwenye nyayo naye huendelea kuongea. Lakini tulipoanza kupanda Lyambalyamfipa nilimwona mguu wa kushoto unabonyea kwenye sakafu ya basi, unaachia, unabonyea tena. Dereva wa basi, kijana wa rika langu, alibadilisha gia kwa klachi moja tu, mkono mwingine uko kwenye redio. Babu alikuwa anamalizia mara ya pili peke yake.

Hatukuuona mwembe. Labda ulikatwa barabara ilipopanuliwa. Babu aligeuza shingo mara mbili kuutafuta kisha akaacha.

Dada yake yule kijana ni bibi mrefu mwenye macho mabovu. Alitutolea viti, akatuma mtoto kununua soda, akauliza habari za Mpanda, za mvua, za bei ya mpunga. Babu alijibu zote. Soda zilipofika hakuifungua yake. Alianza na salamu upya, kama mtu aliyefika sasa hivi, kisha akasema gia haikukataa, aliitoa yeye ili abakize mafuta, na mafuta yale alikuwa anayauza.

Bibi alimsikiliza akiwa ameelekeza sikio, si uso.

“Tunajua,” alisema. “Mafuta si mlikuwa mnauza wote? Bati za nyumba ya mama zilitoka wapi?”

Akaonyesha kwa kidole nyumba ya nyuma, ya matofali mabichi, ambayo sasa wanafugia kuku. Bati zake zimeshika kutu, zimetobolewa na kuzibwa kwa lami mahali pengi. Babu alisimama, akaenda hadi pale, akaweka kiganja juu ya ukuta. Alikaa huko muda mrefu kiasi kwamba bibi aliniuliza kama babu yangu anaumwa. Nikamwambia ni miguu.

Sura ya tatu nimeiandika upya. Kile kichwa cha habari nimekifuta, na hadi sasa sijapata kingine. Msimamizi wangu ameandika pembeni mwa ukurasa kwamba maelezo ya dabo klachi ni marefu mno kwa tasnifu ya historia na akashauri niyapunguze hadi aya moja. Nimeyaacha yote.